Maswali ya Wasomaji: Sopu Kapiga Tatu, Kombe Likaenda Jangwani

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu, kwamba fainali bora ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania niliyowahi kuiona ni ile ya Arusha, Yanga wa Jangwani, Dar, na Coastal Union ya Tanga, Julai 2, 2022. Mistari miwili basi. Tangu siku hiyo meseji zinaingia kama mvua ya masika, wengine wanauliza, wengine wanatukana, mmoja kanitumia picha ya jezi yake ya Coastal imepigwa pasi iko kwenye hanga, bila neno lolote. Kwahiyo mwezi huu maswali ya usajili yanasubiri, tunaongelea msimu ule wa 2021/22 peke yake. Na kwa vijana wanaochanganya, kombe lenyewe siku hizo lilikuwa linaitwa Azam Sports Federation Cup, sasa hivi linabeba jina la benki ya CRDB, ila ni lile lile.

SWALI: Mimi ni mvuvi, siku ya fainali nilikuwa baharini. Niliporudi kila mtu akanisimulia vyake. Kijana wangu anasema mabao yote ya Coastal alifunga Sopu, shemeji yangu anasema Sopu alifunga mawili na moja Yanga walijifunga. Miaka imepita na bado wanabishana kila wakila pamoja. Nani mkweli?
Mvuvi, Pangani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kijana wako yuko sahihi, shemeji mwambie apumzike. Yote matatu ni ya Abdul Suleiman, Sopu mwenyewe. Na ngoja nikusimulie ilivyokuwa maana ulikosa kitu.

Kwanza uelewe Yanga walifika Arusha wakiwa nani. Msimu ule walicheza mechi 30 za ligi hawakufungwa hata moja, wakashinda 22 wakatoka sare 8, pointi 74. Ubingwa walikuwa hawajauona miaka minne, Simba ndo alikuwa anajichukulia tu. Na unajua siku walipoutangazia ubingwa wenyewe walikuwa wanacheza na nani? Na Coastal hao hao, Juni 15, kwa Mkapa, wakawapiga 3-0. Kwahiyo siku kumi na saba baadae watu hao hao wanakutana uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, nani angempa Coastal hata nusu? Mimi ni mtu wa Tanga na sikumpa, nasema ukweli.

Mie sikwenda Arusha, niliangalia Ngamiani kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, watu wamebanana hadi dirishani. Shida ya pale ni kwamba jirani na kibanda kuna fundi viatu ana redio, na redio iko mbele ya king'amuzi kwa sekunde kadhaa. Kwahiyo sisi tunaangalia mpira upo katikati ya uwanja, fundi nje anapiga nyundo kwenye meza, kelele, tunajua kuna kitu kinakuja ila hatujui ni cha nani maana fundi mwenyewe ni Yanga ila mkewe ni Coastal na wote walikuwepo pale. Bao la kwanza la Sopu lilikuja mapema, hatujakaa vizuri, nikasikia mke wa fundi anapiga vigelegele, ndo nikajua kabla sijaona.

Kipindi cha pili Feisal Salum akasawazisha, afu Heritier Makambo akaweka la pili, 2-1, zimebaki dakika za kuhesabu, watu wa Yanga wakaanza kuimba. Mimi nikainuka nitafute chai. Sijafika mlangoni fundi katulia kimya, mkewe juu! Nikageuka mbio. Sopu, 2-2, mpira ukaenda nyongeza. Kwenye nyongeza Sopu huyo huyo akapiga la tatu, Coastal anaongoza 3-2 na mimi nipo nimesimama juu ya benchi la mtu. Yanga wakarudishwa mchezoni na kijana wao Denis Nkane, yule waliyemtoa Biashara United mwezi wa kwanza mwaka ule ule, akasawazisha dakika za mwisho mwisho, 3-3. Kwenye matuta, zile penalti za kuamua mshindi, Yanga 4, Coastal 1.

Mtu kafunga bao tatu kwenye fainali na kombe hajaligusa. Hilo ndo lililonifanya niandike ile mistari miwili.

SWALI: Kaka, fainali hiyo inanichanganya kitu kimoja, matuta yaliisha 4-1. Mbona hawakupiga tano tano? Huku kwetu hata Gor Mahia na Ingwe, AFC Leopards, fainali ya 2021 pale Nyayo ilikuwa hivohivo, suluhu kisha 4-1, na mimi nilidhani TV imekata. Refa aliharakia wapi?
Likoni, Mombasa

JIBU: Hahaha, refa hakuwa na haraka ya ferry bwana. Tano tano ni kiwango cha juu, sio lazima zote zipigwe. Pale pale ambapo timu moja haiwezi tena kumfikia mwenzake hata akifunga zote zilizobaki, mchezo umeisha.

Na 4-1 ni matokeo matamu sana kwa mtu anaependa hesabu, maana ukiyaona tu, hata kama hukuangalia mechi, unaweza kueleza kilichotokea tuta kwa tuta karibu yote. Chukua kalamu. Aliyeshinda ana 4. Tuseme alianza kupiga. Kapiga nne kafunga nne, mwenzake kapiga tatu kafunga moja. Mwenzake amebakiwa na mbili, akifunga zote anafika 3, hafiki 4. Kwisha, mpira chini. Jumla penalti saba tu.

Sasa jaribu tofauti. Tuseme aliyeshinda alipiga wa pili. Aliyefungwa kapiga nne kapata moja, mshindi kapiga tatu kapata tatu, hapo ni 3-1, aliyefungwa kabakiwa na moja, akifunga anafika 2. Imeshaisha kwa 3-1, hakuna wa kuja kupiga ya nne. Na ukisema mshindi alikosa moja akapiga tano, napo utakuta mchezo ulikatika kabla, kwenye 3-1. Zungusha unavyotaka, 4-1 inatoka kwa njia moja tu: mshindi ndiye alieanza, hakukosa hata moja, na aliefungwa kakosa mbili katika tatu. Iwe Arusha iwe Nyayo.

Sasa utaniuliza nani huamua wa kuanza. Refa anarusha sarafu mara mbili. Ya kwanza ni ya goli gani litumike, ya pili ndo atakaeshinda anachagua aanze au afuatie. Walijaribu mwaka 2017 mtindo wa kubadilishana, wa kwanza, wa pili, wa pili, wa kwanza, ili anaefuata asiwe anakimbiza kila saa, wakaona watu wanachanganyikiwa wakauacha mwaka uliofuata.

Na mambo mawili ambayo watu hubishana vijiweni bure. Kadi ya njano uliyopata ndani ya dakika 120 haihamii kwenye matuta, ukipata nyingine kule huhesabiwi mbili ukatolewa. Na kama timu moja imemaliza pungufu, mfano kumi, basi na wenzao wanapunguza mmoja ili wawe sawa, la sivyo wenye watu pungufu wangerudi mapema kwa mpigaji wao bora, wakati wenzao bado wamebakiwa na yule beki wao asieweza kupiga mpira.

SWALI: Penalti hizo za mwisho mchezaji anahesabiwa kwenye mabao yake?
Kihonda, Morogoro

JIBU: Hapana. Zile sio mabao ya mechi, ni njia ya kumpata wa kusonga mbele au wa kubeba kombe. Kwenye kumbukumbu ile fainali imeandikwa sare 3-3. Kwahiyo ukisikia mtu kijiweni anasema Yanga aliifunga Coastal 7-4 Arusha, anajumlisha maembe na machungwa.

SWALI: Mimi natokea Ruangwa na nina hasira kwa niaba ya watu wa Tanga japo hawajanituma. Msimu wa 2019/20 Namungo yetu ilifungwa fainali na Simba kule Sumbawanga 2-1, na bado tukaenda Afrika, Kombe la Shirikisho la CAF, tukafika mpaka makundi. Coastal nao wamepoteza fainali, tena kwa matuta, na bingwa wa kombe ndo huyo huyo bingwa wa ligi. Mbona Coastal hawakupelekwa? Badala yake tukaona Geita Gold anaenda. Hapo pana mkono wa mtu.
Ruangwa, Lindi

JIBU: Hili ndo swali lililonijia mara nyingi kuliko yote mwezi huu, na nimelichagua la kwako kwasababu umelipanga vizuri kuliko watu wa Tanga wenyewe. Mkono wa mtu haupo, kuna hesabu ya nafasi na kuna kanuni, na vyote viwili vilikuwa tofauti miaka hiyo miwili.

Anza na nafasi. CAF, wasimamizi wa soka la Afrika, wanapanga nchi kwa matokeo ya vilabu vyake miaka mitano, nchi kumi na mbili za juu zinaingiza timu nne, mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Shirikisho la Afrika, walio chini ya hapo wanaingiza mbili tu, moja kila upande. Msimu wenu wa Namungo Tanzania tulikuwa na mbili. Simba bingwa wa ligi akachukua ya Ligi ya Mabingwa, na ile ya Shirikisho ilikuwa ya upande wa kombe. Simba kalibeba na kombe pia, yeye tayari ana tiketi, kwahiyo tiketi ya kombe ikamwangukia alieingia nae fainali. Ndo maana kabla hata mpira haujaanza Sumbawanga nyie mlikuwa mnajua mnasafiri. Na kumbuka nani alibaki nyumbani mwaka ule: Yanga, mshindi wa pili wa ligi. Namungo mlikuwa wa nne kwenye ligi mkampita Yanga kwenda Afrika kwasababu tu ya kombe. Watu wa Jangwani walilalamika mpaka sauti zikakauka, nyie mlikuwa mnapaki mabegi.

Njoo 2022. Sasa tuna nafasi nne. Yanga na Simba, wa kwanza na wa pili wa ligi, wakaenda Ligi ya Mabingwa. Zikabaki mbili za Shirikisho. Kama kombe angelibeba Coastal, basi moja ni yake moja kwa moja, hakuna wa kumgusa. Ila kombe kabeba Yanga, na safari hii nafasi zilijazwa kwa kushuka na msimamo wa ligi, wa tatu Azam, wa nne Geita Gold. Aliefungwa fainali hakuwa na chake.

Kwahiyo rudi kule kwenye penalti za rafiki yetu wa Likoni. Zile penalti tatu walizopiga Coastal hazikuwa za kombe tu, zilikuwa na pasipoti ndani yake. Na kule Geita naamini walikuwepo watu wanaomshangilia Yanga siku ile kwa mara ya kwanza maishani mwao, na wala siwalaumu. Kichekesho ni kwamba hao hao Geita ndio waliokaribia kumtoa Yanga robo fainali, 1-1, wakaenda mpaka matuta 7-6. Wangeshinda ile, ramani yote ingebadilika, pengine na Coastal wangekutana na mtu mwingine Arusha.

Kama ni haki au sio haki, mie maoni yangu ninayo. Aliecheza fainali ya nchi amepita kwenye raundi zote, amemtoa Azam nusu fainali kwa matuta baada ya suluhu, halafu anaambiwa nafasi yako kachukua mtu aliyetolewa robo. Naelewa hoja ya upande wa pili, kwamba wa nne wa ligi kahangaika mechi 30 na wewe umecheza chache. Sawa. Lakini mkiifanya medali ya fedha isiwe na kitu chochote nyuma yake, timu ndogo itakuja kwenye kombe na kikosi cha pili ili isichoshe watu wa ligi, na hapo mtakuwa mmeliua wenyewe.

SWALI: Mume wangu anasema Simba walimfukuza kocha kwasababu ya kombe hili. Mimi nasema kocha alikuwa kashaharibu ligi. Nimeweka dau la kuku.
Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Dada, kuku gawaneni. Nusu fainali ilichezwa Mei 28 CCM Kirumba, Mwanza, Yanga 1 Simba 0, bao la Feisal kipindi cha kwanza, shuti la mbali lile. Siku tatu tu baadae Simba wakatangaza kuachana na Pablo Franco. Kwahiyo tarehe ziko upande wa mumeo. Ila ligi nayo ilikuwa inaelekea Jangwani na kila mtu anaona, kombe ndo lilikuwa limebaki la kujifutia machozi. Kidari mpe yeye, paja chukua wewe.

SWALI: Nipo Muscat, tulikuwa tunaifuatilia kwenye simu usiku baada ya kazi. Huku kuna ndugu zangu wa Yanga wanasema msimu ule hawakufungwa na mtu yeyote, popote, kombe lolote. Ni kweli au ni zile za kwao?
Muscat, Oman

JIBU: Ni zile za kwao, ila sio uongo wote. Ligi hawakufungwa. Kombe la Shirikisho hawakufungwa, maana kama nilivyosema juu, mechi ya matuta ni sare, hivyo Geita na Coastal wote wameandikwa sare. Ngao ya Jamii ya kufungulia msimu, Septemba 2021, walimfunga Simba 1-0, bao la Mayele. Ngao, ligi, kombe, vyote vitatu kwa kocha wao Nabi msimu mmoja.

Lakini mwezi huo huo wa Septemba Rivers United ya Nigeria aliwatoa Ligi ya Mabingwa, 1-0 hapa, 1-0 kule. Waambie ndugu zako mechi mbili hizo, wataanza kuongelea habari ya hali ya hewa. Na Kombe la Mapinduzi la Januari kule Unguja, Azam aliwatoa nusu fainali kwa matuta. Hilo la pili kitaalamu sio kufungwa, maana nimeshasema juu mechi ya matuta ni sare, kwahiyo usiwahesabie kama kipigo, uwe makini. Wenyewe waliendelea mpaka wakafikisha mechi 49 za ligi bila kufungwa, aliyekuja kuwakata ni Ihefu, Novemba 2022, 2-1.

SWALI: Wewe mwandishi mbona unaipamba sana Coastal? Kocha wao alibahatisha na wachezaji walibahatisha. Mpira una wenyewe.
Hakutaja alipo

JIBU: Sikuficha, nimesema natoka Tanga. Lakini bahati gani hiyo inayomtoa Kagera Sugar, inamtoa Azam, inampiga bingwa asiefungika bao tatu? Kocha unaemsema ni Juma Mgunda, alikuwemo ndani ya kikosi cha Coastal kilichobeba ubingwa wa Bara mwaka 1988, sio mtu aliyeokotwa stendi. Na miezi miwili na kitu baada ya Arusha, Simba walipoachana na Zoran Maki unajua walimpigia nani simu akawashikie timu? Mgunda. Sasa kama walikuwa wanatafuta mtu wa bahati nasibu wangeenda kwa mganga.

Ila nakupa moja. Coastal waliongoza mara mbili kwenye fainali ile na mara zote mbili wakashindwa kukaa na mpira. Mara ya pili zilibaki dakika za kuhesabu kwa vidole, ukishafika hapo unapiga mpira jukwaani, unaanguka, unafunga kamba za viatu, unafanya chochote. Wao wakaendelea kucheza mpira mzuri. Mke wa fundi viatu alikuwa anapiga kelele "lala chini! lala chini!", na mama yule hajawahi kusomea ukocha popote.

SWALI: Hivi kwanini fainali ya kombe hili wanaipeleka mikoani? Uwanja mkubwa upo Dar. Sisi tulibahatika 2021, ila nilisikia watu wa Dar wanalia kuhusu safari.
Ujiji, Kigoma

JIBU: Waache walie, safari nyie mnasafiri kila siku. Lilipofufuliwa kombe hili baada ya kulala miaka mingi, fainali ya kwanza 2016 ilichezwa Dar, Yanga akamfunga Azam 3-1. Baada ya hapo likaanza kutembea. 2017 Dodoma, Simba na Mbao, 2-1 baada ya nyongeza. 2018 Arusha, Mtibwa wakamtoa Singida United 3-2. 2019 Lindi, uwanja wa Ilulu. 2020 Sumbawanga. 2021 kwenu Lake Tanganyika, ile ya kichwa cha Taddeo Lwanga na kadi nyekundu ya Mukoko Tonombe. 2022 Arusha tena, 2023 Mkwakwani Tanga, halafu Zanzibar 2024 na 2025.

Unaona hapo, mtu wa Sumbawanga ambae Simba anamjua kwa redio kaletewa Simba mlangoni, na wauza mihogo, na nyumba za wageni, na bodaboda, wote wamekula. Mimi nalipenda hilo kuliko hata mpira wenyewe. Kasoro yake ni viwanja, sio kila mkoa una uwanja wa kubeba fainali. Ile ya 2024 ilipangwa Babati kwanza, ikaishia Amaan. Watu wa Manyara mpaka leo wanaidai.

SWALI: Kombe likiitwa la Azam, na Azam ana timu, je waliwahi kulibeba hata mara moja au walikuwa wanadhamini wenzao? Na Sopu aliishia wapi?
Kange, Tanga

JIBU: Walilibeba mara moja, 2019 kule Lindi, wakamfunga Lipuli ya Iringa 1-0, bao la Obrey Chirwa. Fainali nyingine walizopoteza ni tatu, 2016, 2023 na 2024, na zote tatu kwa mtu mmoja, Yanga. Hiyo ya 2024 kwa matuta 6-5, na safari hiyo Feisal alikuwa keshahamia Azam, yule yule aliyewafungia Yanga nusu fainali na fainali mwaka wa Arusha.

Sopu nae wiki chache tu baada ya fainali Azam wakamsajili. Bao tatu zile ndo zilikuwa barua yake ya maombi ya kazi. Na mpira ulivyo na utani, fainali iliyofuata, Juni 12, 2023, ilipangwa wapi? Mkwakwani, hapa hapa kwetu, uwanja wa Coastal wenyewe. Azam na Yanga. Watu wa Tanga wakajigawa, wengi tukawa Azam kwa siku moja kwa ajili ya kijana wetu, Kennedy Musonda akafunga mapema, 1-0, ikaisha hivo hivo mpaka filimbi.

Siku hiyo kibandani hapakuwa na mtu, wote tulikuwa uwanjani. Fundi viatu alikaa mstari mmoja na mimi na redio yake mkononi, kaiwasha, anasikiliza mechi anayoiangalia kwa macho. Nikamuuliza ya nini. Akasema anataka kuhakikisha.